Binti anayerudi na kichwa kile kile: mwongozo kwa muuguzi wa vijana wa jamii za asili

Binti wa miaka 15 ameketi kwenye benchi la kliniki. Ni mara ya tatu mwezi huu. Joto la mwili liko sawa, shinikizo la damu liko sawa, macho hayana shida. Kwenye faili, zamu mbili zilizopita zimeandika maneno yale yale: "Maumivu ya kichwa. Amepewa dawa ya maumivu. Arudi akizidiwa." Na kweli amerudi. Muuguzi wa leo akiandika mstari wa tatu unaofanana na ile miwili, hakuna atakayemlaumu, ila binti hatakuja mara ya nne.

Mwongozo huu ni wa muuguzi anayehudumia vijana wa jamii za asili, wawe Wamaori wa New Zealand, Wainuit wa Aktiki, Waapache wa Marekani, Waogiek wa Kenya au Waaborijini wa Australia, na hasa muuguzi ambaye hakuzaliwa humo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Hiyo ni dunia nzima. Katika jamii nyingi za asili mzigo ni mzito zaidi, na chanzo chake hakimo kwenye damu yao. Ni ardhi iliyochukuliwa, lugha iliyopigwa marufuku, watoto waliotolewa mikononi mwa wazazi.

Kwenye semina, neno "ustahimilivu" hutajwa kana kwamba ni chanjo: muuguzi anaibeba kwenye kikasha cha baridi, anafika, anawadunga vijana, anaondoka. Jamii hizi zimevuka mambo ambayo yangezimaliza, na zipo. Kamba ya ustahimilivu wanayo. Wewe unatakiwa ujue imefungwa wapi, usiikate kwa kutojua, na ilipolegea uwaite wanaojua kuikaza.

Hatua ya 1: Jua kilichotokea kabla hujafika

Kwako kliniki ni mahali pa kutibu. Kwa bibi wa yule binti huenda ni mlango ambao mdogo wake aliingia na hakutoka. Nchini Kanada, watoto zaidi ya 150,000 wa jamii za asili walipitishwa kwenye shule za bweni ambako kusema lugha ya mama kulileta adhabu. Za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Hesabu mwenyewe: waliosoma humo ni wazazi na mababu wa vijana unaowahudumia leo. Mtu aliyelelewa na kengele ya bweni hakupata pa kuona jinsi mtoto anavyobembelezwa, kisha naye akapata watoto.

Nchini Kenya, Waogiek walifukuzwa kwenye Msitu wa Mau, na mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Kijana anayekua akisikia wazee wakisimulia msitu asioruhusiwa kuukanyaga anabeba msiba usio na kisanduku kwenye fomu yako.

Kwa hiyo wiki ya kwanza, kabla hujagusa dodoso lolote, tafuta majibu ya maswali matatu. Ni nini kilichukuliwa hapa, na lini? Wahudumu wa afya waliotangulia walifanya nini ambacho watu hawajasahau? Na ni lugha gani watu hutumia wakiwa na huzuni, hata kama shuleni na ofisini wanatumia nyingine? Waulize wafanyakazi wenyeji, wazee walio tayari kuongea, na kumbukumbu za jamii yenyewe. Usimuulize mgonjwa. Wageni wengi hukosea hapo: wanamgeuza kijana aliyevunjika moyo kuwa mwalimu wao wa historia, kisha wanamshukuru kwa kipindi kizuri.

Hatua ya 2: Pata mtu wa kukuingiza

Mhudumu wa afya wa jamii, mama anayefanya usafi kliniki, mzee mmoja anayesikilizwa. Mwombe akutambulishe, na umwombe pia akukosoe. Muuguzi wa Kimaori, Irihapeti Ramsden, ndiye aliyeipa taaluma yetu wazo la usalama wa kitamaduni, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Baraza la Wauguzi la New Zealand likaliingiza kwenye mafunzo. Uzito wa wazo lile ni kwamba anayeamua kama huduma ni salama ni aliyeipokea. Muuguzi hajipi alama mwenyewe. Bila mtu wa kukwambia ukweli utadhani umefaulu kwa sababu tu hakuna aliyelalamika, na watu waliozoea kutosikilizwa huwa hawalalamiki. Huacha tu kurudi.

Mlipe mtu huyo. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi mkalimani na mshauri wa mila hupewa soda na asante, wakati mtaalamu aliyetoka mjini kwa siku mbili anasaini posho.

Hatua ya 3: Zile dakika kumi za kwanza

Sogeza kiti chako kisitazamane uso kwa uso na chake; pembeni kidogo ni bora. Kompyuta ifunge au igeuze muione wote wawili. Katika jamii nyingi za asili kijana kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu, kwa hiyo yule anayetazama sakafu anakuheshimu. Ukiandika kwenye faili "hamwangalii mtu machoni, amejitenga", umeandika ugonjwa ambao haupo.

Jambo la pili ni ukimya. Sisi wauguzi tumefunzwa kujaza nafasi, tukiulizwa au tusipoulizwa. Jizuie. Tazama mazungumzo haya, na utazame yalivyo machache:

"Karibu, mwanangu. Kichwa tena?"

"Ndiyo, nesi."

"Pole. Huwa uko wapi kikianza?"

"Shuleni."

"Na siku zisizo za shule?"

"Hakiumi." Anavuta uzi kwenye mkono wa sweta. Muuguzi haandiki, hasemi kitu. Nusu dakika inapita, na nusu dakika ndani ya chumba kidogo ni ndefu. "Ila Jumapili. Jioni."

"Jumapili jioni kuna nini?"

"Ndiyo narudi bweni."

Maswali manne na ukimya mmoja vimefichua kilichokosekana kwenye faili mara mbili. Mwili umekuwa ukisema jambo ambalo mdomo haukupewa nafasi. Kwa vijana hawa huzuni huvaa sana nguo za mwili: kichwa, tumbo, kifua kubana, usingizi kukatika, au hasira isiyo na kichwa wala miguu. Bado pima mwili kwa uangalifu ule ule. Kumwambia mtu "ni mawazo tu" bila kumgusa ni dharau, na siku moja itakuwa ni anemia au sikio lililooza, nawe utakuwa umeipita.

Hatua ya 4: Uliza kilicho imara kabla ya kilichobomoka

Fomu nyingi huanza na dalili. Anza na nguzo. Mtaalamu wa afya wa Kimaori Mason Durie alieleza mwaka 1984 afya kama nyumba ya kuta nne: roho, akili, mwili na ukoo, na mara nyingi husemwa kwamba imesimama juu ya ardhi. Ukuta mmoja ukilegea nyumba nzima huyumba. Usiuchukue mfano huo wa Wamaori ukaubandika kwa watu wengine. Waulize wenyeji wako wana mfano gani wao, kwani karibu kila jamii inao. Lakini kama njia ya kukumbuka cha kuuliza, unasaidia kuliko orodha ya dalili tisa za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha.

Maswali yanayofungua ni ya kawaida kabisa. Nani hujua umeudhika kabla hujasema? Ni mahali gani ukifika pumzi inashuka? Kuna kitu unachojua kukifanya ambacho wenzako hawakijui? Jina lako lilitoka kwa nani? Yule binti alijibu swali la kwanza bila kufikiri: "Bibi." La pili: "Kwa bibi, tukisuka." Hapo kamba imeonekana ilipofungwa, na imeonekana pia kwa nini Jumapili jioni inauma.

Usidhani hizi ni hadithi za kujipa moyo. Watafiti Michael Chandler na Christopher Lalonde walichunguza karibu jamii 200 za asili katika jimbo la British Columbia, Kanada, na kuchapisha matokeo mwaka 1998. Baadhi ya jamii zilikuwa na viwango vya kutisha vya vijana kujiua. Zaidi ya nusu hazikuwa na hata kifo kimoja cha aina hiyo kwa miaka mitano yote waliyoichunguza. Jamii zile zilizokuwa na usemi juu ya mambo yao wenyewe, yaani shule, huduma za afya, ardhi, utawala na majengo ya utamaduni, ndizo zilizokuwa na vifo vichache. Zilizokuwa na yote waliyopima hazikuwa na kifo cha kijana hata kimoja. Uchunguzi uliofuata mwaka 2007 ulikuta vivyo hivyo kwa jamii ambako watu wengi bado wanaongea lugha yao. Muuguzi haendeshi shule wala hagawi ardhi. Ila anaposaini barua ya kumruhusu mwanafunzi aende nyumbani kwa sherehe ya ukoo, anajua anasaini nini.

Hatua ya 5: Dodoso

Ukilazimika kutumia dodoso la sonona, litumie baada ya hatua ya 4, na lisomwe na mtu anayejua lugha kabla halijamfikia mgonjwa. Tafsiri ya neno kwa neno huharibu. Nchini Australia, dodoso maarufu la maswali tisa lilirekebishwa pamoja na Waaborijini wenyewe, wakaongeza mambo waliyoyaona ni sehemu ya huzuni kwao: hasira, wasiwasi uliokithiri, kuwaza jambo moja bila kukoma, kuikumbuka nchi yao hadi kuumwa. Kazi hiyo ilifanywa kwa watu wazima, kwa hiyo kwa kijana wa miaka 13 ichukue kama funzo la njia, usihamishe alama zake.

Na tahadhari moja. Katika jamii kadhaa, aliyefiwa kusikia sauti ya marehemu au kumwona usiku ni sehemu ya kuomboleza, pengine hata ni faraja. Kabla hujaandika "anasikia sauti", muulize yeye na mtu wa nyumbani: kwenu hili ni la kawaida? Linakutisha au linakutuliza? Linakuamuru ufanye kitu? Sauti inayoamuru kujidhuru haina mila yoyote, hiyo ipelekwe kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Uliza juu ya kujiua, kwa jina lake

Hapa wauguzi wengi huzunguka mbuyu. Huogopa kwamba wakitaja watakuwa wamepanda wazo. Tafiti hazijaonyesha hivyo. Kuuliza kwa upole huwa kunamtua mtu mzigo. Usiulize kwa namna inayoomba jibu la hapana, kama "Hufikirii mambo mabaya, sivyo?" Sema: "Mtu akizidiwa, wakati mwingine hutamani asiwepo tena. Wewe umewahi kufika hapo?"

Katika baadhi ya jamii kutaja kifo waziwazi ni mwiko, na mtu wako wa hatua ya 2 atakuwa ameshakufundisha namna ya kulizunguka neno bila kulikwepa swali. Hilo ni jambo la kujifunza mapema. Usiku wa dharura si wakati wake.

Akisema ndiyo, usishtuke usoni wala usianze mahubiri. Endelea pole pole: ni lini mara ya mwisho, amewahi kujaribu, amefikiria njia, njia hiyo anaweza kuifikia leo, kitu gani kimemzuia hadi sasa. Swali la mwisho usiliruke, maana jibu lake ndilo utakalojengea. Mwenye nia, njia na wakati haachwi peke yake hata kwenda msalani. Mpigie daktari au timu ya dharura huku mtu wa kuaminika akiwa amekaa naye.

Asiye katika hatari ya papo hapo, andikeni naye mpango wa usalama kabla hajatoka. Uandikwe kwa maneno yake, mkono wake ukiweza, kwenye karatasi inayoingia mfukoni: dalili kwamba wimbi linakuja, anachoweza kufanya peke yake, mahali pa kwenda na watu wa kukaa nao hata bila kuwaeleza, watu wa kuwaeleza, mtaalamu au simu ya dharura inayofanya kazi kweli (ipige wewe kwanza uone kama inapokelewa, na kwa lugha gani), na namna ya kuweka mbali kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho. Hilo la mwisho linahitaji mkubwa wa nyumbani. Wimbi la kutaka kufa mara nyingi ni la muda mfupi, na umbali wa kufuli moja humvusha mtu.

Binti wetu alisema amewahi kutamani alale asiamke, bila njia wala mpango. Katika nafasi ya "ninachoweza kufanya peke yangu" aliandika: kusuka, hata kwa uzi wa sweta. Mshauri aliyezoea vitabu angependekeza mazoezi ya kupumua. Ni mazuri, lakini yeye alishakuwa na yake.

Hatua ya 7: Siri mahali ambapo kila mtu ni ndugu

Karani wa mapokezi ni shangazi. Dereva wa gari la wagonjwa ni binamu. Mkalimani alisoma na baba yake. Kanuni ya usiri uliyojifunza chuoni ilitungwa kwa mji ambao watu hawajuani. Mwanzoni kabisa mwambie kijana nini kitabaki kati yenu na nini hakitabaki: akiwa katika hatari ya kufa, au akiumizwa na mtu, utawaambia wengine, na atakuwa wa kwanza kujua kwamba unawaambia. Muulize nani asijue amekuja. Mwache achague mkalimani, au asiwe naye. Wanaokuja kwa mambo ya akili wapitie mlango ule ule na saa zile zile za wenye kikohozi, la sivyo benchi lenyewe litatangaza.

Ukoo ni dawa kwa wengi, lakini usimrudishe mtoto kwa ukoo kwa macho yaliyofumbwa. Anayemuumiza anaweza kuwa yumo humo. "Nani wa kuitwa kwanza?" na "Nani asiitwe kabisa?" ni maswali mawili yanayokwenda pamoja.

Hatua ya 8: Fanya kazi na jamii, nyuma yao

Jamii ya Waapache wa White Mountain, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ilijiamulia mwaka 2001 kwamba kila tukio la mtu kujidhuru au kutaka kujiua liripotiwe, na wahudumu wa afya wa Kiapache wamtembelee kila aliyetajwa. Walishirikiana na watafiti wa chuo kikuu, lakini uamuzi na takwimu vilikuwa vya kwao. Ukilinganisha miaka ya 2001 hadi 2006 na 2007 hadi 2012, kiwango cha vifo vya kujiua kilishuka kwa zaidi ya theluthi moja. Kilichonivutia mimi si idadi, ni wale wahudumu: watu wa pale pale, waliofunzwa, wanaobisha hodi kwa lugha ya nyumba.

Muuguzi mgeni anaweza kuwafunza wenyeji dalili za hatari, kuwapa chumba cha kliniki jioni wakihitaji, kuandika barua za kuomba fedha, kubeba viti. Wazee wakitaka kukaa na vijana wakafundishe lugha, kusuka, kuwinda au nyimbo, usiupe mpango huo jina la kitabibu wala usidai kila kikao kianze na dodoso. Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la mwaka 2007, kifungu cha 24, linatambua haki yao ya tiba zao za jadi na pia haki ya kupata huduma zote za afya bila ubaguzi. Vyote viwili. Mzee Albert Marshall wa Nova Scotia, Kanada, wa jamii ya asili ya Wami'kmaw, huita hilo kuona kwa macho mawili: jicho moja la elimu ya wenyeji, jingine la sayansi, na yote yafunguliwe. Kijana anayetumia dawa za sonona anaweza kuhudhuria ibada ya utakaso. Uliza tu kama atafunga kula, au kama atakunywa kitu kinachogongana na dawa.

Hatua ya 9: Rufaa, ufuatiliaji, na kifo kikitokea

Rufaa ya kwenda mji wa mbali inaweza kuokoa, na inaweza kuwa uhamisho wa pili kwa mtoto ambaye ugonjwa wake ni kutengwa na kwao. Kama si lazima, tafuta daktari kwa simu ya video. Kama ni lazima, aende na ndugu aliyemchagua, na upige simu ujue amelazwa wapi. Akirudi, mtafute ndani ya wiki. Siku za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari kuliko watu wanavyodhani. Ujumbe mfupi wa "Nimekukumbuka, unaendeleaje?" usiodai jibu una kazi kubwa.

Kijana mwingine akijiua, acha shughuli zisizo za lazima. Vifo hivi huweza kufuatana, hasa kwa marafiki na ndugu wa rika moja. Fuata mila za msiba zilivyo, usitoe maelezo ya njia iliyotumika kwa yeyote, na usiku huo huo pitia majina: nani alikuwa karibu naye, nani amewahi kujaribu, nani ameacha kula. Watembelewe na mtu wanayemjua. Nawe utafute wa kuongea naye, kwani utakuwa umemjua marehemu tangu akiwa na surua.

Hatua ya 10: Andika makabidhiano yatakayomfaa anayekuja

Wauguzi hupishana, hasa vijijini; wengine miezi mitatu tu. Kila anayeondoka bila kuandika humlazimisha kijana kusimulia maumivu yake upya kwa mgeni mwingine, na mara ya nne au ya tano huacha kusimulia. Muage yeye mwenyewe, mwambie nani anakuja, na mkubaliane nini kiandikwe. Makabidhiano ya yule binti yalikuwa hivi:

"Miaka 15. Kichwa huuma Jumapili jioni na siku za bweni. Vipimo vya mwili sawa, virudiwe dalili zikibadilika. Alitamani asiamke, hana njia wala mpango. Mpango wa usalama uko mfukoni mwake, nakala kwenye faili. Shule imekubali alale kwa bibi Jumatano. Bibi ndiye wa kuitwa kwanza. Mjomba asiitwe. Hapendi mkalimani. Usimuulize mambo ya bweni mlango ukiwa wazi. Huanza kuongea baada ya kama dakika saba, akiwa na kitu cha kushika mkononi, mpe uzi."